Jiwe la Kaburi la COBOL

Katika miaka ya 1950 mtu aliyebobea kuandika programu za kompyuta ya UNIVAC hakuwa na la kufanya mbele ya mashine ya IBM. Kila kiwanda kilitengeneza mashine yenye amri zake, na mwandishi wa programu aliijua mashine yake jinsi nahodha anavyoujua mlango wa bandari yake. Akihamia kwa mwajiri mwenye mashine nyingine alianza upya. Mwajiri naye alikuwa amefungwa. Siku aliponunua mashine mpya, programu zote alizokwisha kuzilipia zilikuwa hasara. Uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka 1959 ulionyesha kuwa ofisi moja yenye kompyuta ilitumia wastani wa dola 800,000 kuandika programu, na kwamba kuzihamishia kwenye mashine mpya kungegharimu dola 600,000 nyingine. Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilikuwa na kompyuta 225, ilikuwa imeagiza nyingine 175, na ilikwisha kutumia zaidi ya dola milioni 200 kwa programu peke yake.

Soko la lugha za programu lilizaliwa katika hesabu hizo. Nalisema hili mapema kwa sababu kijana anayetaka kuingia katika kazi hii kwa kawaida huuliza ni lugha ipi mpya, ipi inasifiwa, ipi inapendeza kuandika. Waajiri wakubwa hawajawahi kuanza na maswali hayo. Wao huuliza watapoteza kiasi gani wakiacha walicho nacho. Hakuna lugha inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko COBOL, ambayo imetangazwa kufa tangu kabla haijamaliza kutungwa.

Mtu wa kwanza kusukuma wazo la lugha moja ya biashara kwa mashine zote alikuwa mwanamke wa kampuni ya Burroughs, Mary Hawes. Aliona kwamba kazi za biashara, yaani mishahara, bohari, ankara na madeni, zinafanana kila mahali, na hakuna sababu ziandikwe upya kwa kila mashine. Aprili 1959 kikundi kidogo kilikutana katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na tarehe 28 na 29 Mei mwaka huohuo kikao kikubwa kikafanyika Pentagon chini ya uenyekiti wa Charles Phillips wa Wizara ya Ulinzi. Watu 41 walihudhuria, wakiwamo wawakilishi wa viwanda vilivyokuwa vikigombea wateja walewale.

Msingi wa lugha hiyo mpya ulikuwa umekwisha kuwekwa na Grace Hopper. Alizaliwa New York mwaka 1906, akapata shahada ya uzamivu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, akafundisha chuoni Vassar, kisha wakati wa Vita Kuu ya Pili akajiunga na jeshi la majini na kupelekwa Harvard kwenye kompyuta ya Mark I. Hopper alishikilia wazo ambalo wenzake wengi waliliona ni ndoto: kwamba karani wa biashara aweze kuiamuru mashine kwa maneno ya Kiingereza cha kawaida, na programu nyingine iyageuze maneno hayo kuwa tarakimu zinazoeleweka na mashine. Lugha yake ya FLOW-MATIC ilithibitisha kuwa yawezekana. Kamati ya COBOL ilichukua mengi kutoka humo.

Kamati yenyewe ilipewa miezi michache tu, na wengi waliamini wanatengeneza kitu cha kushikilia kwa muda hadi lugha bora zaidi ipatikane. Kazi nzito iliangukia kwa watu sita, miongoni mwao Jean Sammet wa Sylvania na Gertrude Tierney wa IBM. Mwenzao mmoja, Howard Bromberg wa RCA, alichoshwa na ucheleweshaji na mabishano ya wakubwa kiasi cha kwenda kununua jiwe la kaburi, likachongwa jina COBOL, akamtumia Phillips huko Pentagon. Jiwe hilo lipo hadi leo katika jumba la makumbusho ya kompyuta huko Mountain View, California. Kwa haki, Bromberg hakuwa peke yake katika kukata tamaa. Lakini Januari 1960 maelezo ya lugha yalipitishwa, na Desemba mwaka huo programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye mashine mbili za viwanda tofauti, RCA 501 na UNIVAC II, kwa marekebisho madogo tu.

Lililoipa COBOL uhai hata hivyo halikuwa ufundi. Serikali ya Marekani, mnunuzi mkubwa kuliko wote, ilitangaza kwamba haitanunua wala kukodi kompyuta isiyoweza kuendesha COBOL, isipokuwa mtengenezaji aonyeshe kuwa mashine yake haiihitaji. IBM ilikuwa na lugha yake ya biashara na ilisitasita, lakini kufikia mwaka 1962 ilikuwa imeikubali COBOL. Honeywell nao waliiacha lugha yao wenyewe. Tangu hapo tangazo la kazi liliweza kutaja lugha badala ya mashine, na mwandishi wa programu wa Chicago aliweza kuajiriwa New York bila kufundishwa upya. Kwa mfanyakazi huo ulikuwa uhuru mkubwa.

Uhitaji wa watu ulipanda haraka kuliko yeyote alivyotarajia. Aprili 1964 IBM ilitangaza familia ya kompyuta za System/360, na makampuni ya bima, mabenki, mashirika ya ndege na ofisi za kodi yakapanga foleni. Vyuo vikuu vilikuwa ndiyo kwanza vinaanzisha idara za kompyuta, kwa hiyo waajiri walifundisha wenyewe. Waliwachukua makarani, walimu wa hisabati, hata watu wenye vipaji vya muziki, wakawapa mtihani wa mantiki ulioandaliwa na IBM, na waliofaulu wakaketi darasani majuma kadhaa kabla ya kukabidhiwa kazi. Wanawake walikuwa wengi, na mwaka 1967 jarida la Cosmopolitan liliwaandikia wasomaji wake kwamba huku ndiko kwenye kazi zenye mshahara. Mwaka uliofuata wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, katika mkutano uliodhaminiwa na NATO, wakajadili waziwazi kwamba mifumo inachelewa, inavuka bajeti na inaharibika, na kwamba mikono ya kuiandika haitoshi.

Hapa naomba msomaji anivumilie nivuke bahari kidogo hadi Uingereza, maana mambo yaliyotokea huko yanastahili kukumbukwa kila mtu anaposema kuwa hakuna wataalamu. Mwaka 1962 Stephanie Shirley, aliyeingia nchini humo mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi wa miaka mitano, alianzisha kampuni ya programu kwa mtaji wa pauni 6. Aliwaajiri wanawake waliokuwa wameacha kazi za kompyuta baada ya kuolewa au kuzaa, wakafanya kazi nyumbani kwa penseli, karatasi na simu. Barua zake za kutafuta wateja hazikujibiwa mpaka alipoanza kuzitia sahihi kwa jina la kiume, Steve. Katika wafanyakazi wake 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake, na miongoni mwa kazi zao ilikuwamo programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Waajiri wa Uingereza walilia uhaba huku wataalamu hao wakiwa majumbani, kwa sababu ofisi hazikuwataka mama wenye watoto. Uhaba wa namna hiyo hautokani na ukosefu wa watu.

Afrika Mashariki nayo iliguswa na zama hizo. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa ajili ya hesabu za serikali. Mashine zilikuja, lakini wazalendo wenye ujuzi wa kuziendesha na kuziandikia programu walikuwa wachache mno, na nchi ilitegemea wageni. Mfumo wa hesabu ulileta matatizo makubwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini.

Kufikia hapo vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya vilikuwa vimeanza kuidharau COBOL. Mwaka 1975 Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyeheshimiwa sana katika fani hii, aliandika kwamba lugha hiyo inalemaza akili na kwamba kuifundisha kunastahili kuhesabiwa kosa la jinai. Wanafunzi walifundishwa Pascal ya Niklaus Wirth, kisha C iliyotungwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, baadaye C++ na Java. Kitaaluma walimu hao walikuwa na hoja: COBOL ina maneno mengi, na kwa muda mrefu ilikosa mbinu za kugawa programu kubwa vizuri. Lakini walichanganya ubora wa lugha na umuhimu wa kazi iliyoandikwa ndani yake. Wakati profesa anaicheka darasani, mwandishi wa programu wa benki nje ya dirisha lake alikuwa akiongeza mistari mingine elfu kumi. Hapo pengo likazaliwa: vyuo viliacha kufundisha, waajiri nao, wakiona vyuo vinatoa wahitimu wa kompyuta kila mwaka, wakafunga madarasa yao ya ndani. Hakuna aliyebaki na jukumu la kumwandaa mtu wa kuitunza mifumo hiyo.

Pengo hilo lilijitokeza kwa mara ya kwanza kwa sababu ya tarakimu mbili. Kadi za karatasi zilizotobolewa zilikuwa na nafasi 80 tu za herufi, na kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali, kwa hiyo waandishi wa programu waliandika mwaka kwa tarakimu mbili: 65 badala ya 1965. Bob Bemer, aliyekuwa IBM na aliyechangia katika kutungwa kwa COBOL, alionya tangu mwaka 1971 kwamba karne itakapogeuka mashine zitaona 00 na kudhani ni 1900. Pensheni zingekokotolewa vibaya, mikopo ingeonekana imepitwa na miaka 99, bima za watu walio hai zingefutwa. Onyo lilipuuzwa kwa miaka zaidi ya 20.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 makampuni yaliwatafuta watu waliokwisha kuagwa kwa keki na saa ya ukutani. Wastaafu walirudi kwa malipo ambayo hawakuwahi kuyaona wakiwa kazini. Lakini hawakutosha, na hapo India ikaingia. IBM ilikuwa imeondoka India mwaka 1978 kwa kutokubaliana na masharti ya umiliki, na wataalamu wa huko walikuwa wamejizoeza kufanya kazi na mashine za aina nyingi. Kampuni ya TCS, iliyoanzishwa mwaka 1968 na kujengwa na F. C. Kohli, ilikuwa na uzoefu wa kupeleka watu Marekani tangu miaka ya 1970. Infosys ilizaliwa Pune mwaka 1981. Wipro nao walikuwapo. Makampuni haya yaliwafundisha COBOL maelfu ya vijana wenye shahada za uhandisi wa aina zote, yaani yalifanya kile ambacho waajiri wa Marekani walikifanya wenyewe mwaka 1964 kisha wakakiacha. Mwaka 1998 bunge la Marekani lilipandisha idadi ya viza za H-1B, za wataalamu wa kigeni, kutoka 65,000 hadi 115,000 kwa mwaka, na mwaka 2000 likaipandisha tena hadi 195,000.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1999 ulipita bila maafa makubwa. Watu wengi walihitimisha kwamba hofu ilikuwa ya bure. Nalipinga hilo kwa nguvu zote: maafa hayakutokea kwa sababu kazi ilifanyika. Thamani ya kazi hiyo haikuonekana, na malipo yake yalikuwa barua za kuachishwa. Mikataba iliisha, wastaafu wakarudi nyumbani, na Machi 2000 hisa za makampuni ya intaneti zilipoanza kuporomoka, hata vijana wa Java walijikuta sokoni bila wanunuzi. Mwaka 2004 viza zilirudi 65,000. Somo pekee ambalo wakurugenzi wengi walilichukua ni kwamba kazi hii yaweza kupelekwa nchi ya mbali kwa bei nafuu.

Kuna lugha ambazo soko lake lilipanda na kushuka kwa amri ya kampuni moja. Objective-C iliishi kwa unyonge tangu miaka ya 1980 mpaka Apple ilipofungua duka la programu za iPhone mwaka 2008. Ghafla kila aliyeijua akawa mali. Miaka sita baadaye Apple ikatangaza Swift, na waliojifunza jana wakalazimika kujifunza tena. Java kwenye simu za Android ilipata mshindani kwa njia hiyohiyo, Google ilipoikubali Kotlin mwaka 2017 na kuipa nafasi ya kwanza mwaka 2019. COBOL haina bwana wa namna hiyo. Inashikiliwa na uzito wa kilichoandikwa. Shirika la habari la Reuters liliripoti mwaka 2017 kwamba mistari bilioni 220 ya COBOL ilikuwa bado kazini. Na kuihama si jambo dogo: benki ya Commonwealth ya Australia ilitumia miaka mitano na zaidi ya dola bilioni 1 za nchi hiyo kubadili mfumo wake mkuu. Kuhama vibaya ni balaa hata pale ambapo COBOL si tatizo. TSB ya Uingereza ilipohamisha wateja wake kwenda mfumo mpya Aprili 2018, watu hadi milioni 1.9 walishindwa kufikia akaunti zao, na benki ikaja kutozwa faini ya pauni milioni 48.65.

Kisha ikaja korona. Katika juma lililoishia tarehe 28 Machi 2020, Wamarekani milioni 6.6 waliomba mafao ya kukosa ajira. Kabla ya mwezi huo rekodi ilikuwa waombaji 695,000 katika juma moja la mwaka 1982. Tovuti zilikwama, simu hazikupokelewa, watu waliokosa kodi ya nyumba walikaa usiku kucha wakijaribu kuingia. Tarehe 4 Aprili gavana wa New Jersey, Phil Murphy, alisimama mbele ya waandishi wa habari na kueleza kwamba jimbo linahitaji watu wa kujitolea, na miongoni mwa ujuzi unaotakiwa ni COBOL, kwa sababu mifumo yao ina umri wa zaidi ya miaka 40. Connecticut na Kansas nazo zilikiri kuwa na mifumo ya aina hiyo.

Habari hiyo ilizunguka dunia, na nyingi ziliilaumu lugha. Lakini Mar Hicks, mwanahistoria wa kompyuta, aliandika mwaka huohuo kwamba katika New Jersey sehemu ya nyuma iliyoandikwa kwa COBOL ilikuwa ikifanya kazi. Kilichoelemewa ni tovuti ya mbele iliyoandikwa kwa Java. Tena tuangalie ombi lenyewe. Serikali ya jimbo tajiri ilikuwa ikiwaomba watu, wengi wao wenye umri ambao korona iliwaua zaidi, waje kufanya bure kazi ambayo kwa miaka ilikataa kuilipia. Kazi yenyewe haikuwa lugha tu. Mtu mwenye akili nzuri hujifunza COBOL kwa miezi michache. Asichoweza kujifunza kitabuni ni kwa nini mstari fulani wa mwaka 1983 unawatenganisha wafanyakazi wa msimu na vibarua, ni sheria gani iliyosababisha kipengele kile, na nani alikiondoa akakirudisha. Ujuzi huo ulikuwa vichwani mwa watu walioachishwa ili bajeti ipungue.

Wapo waliojitokeza. IBM na mradi wa Open Mainframe walifungua mafunzo ya bure mwezi huohuo. Huko Texas, kampuni ya Bill Hinshaw iliyoundwa mwaka 2013 kwa ajili ya kuwakutanisha wastaafu na makampuni yanayowahitaji ilipata simu nyingi. Agosti 2023 IBM ilitangaza chombo cha akili mnemba kinachosaidia kugeuza COBOL kuwa Java, na vingine vimefuata. Vitasaidia kusoma mistari. Lakini programu ya akili mnemba haiwezi kukumbuka kikao cha mwaka 1983 ambacho hakikuandikwa popote. Mwaka huohuo wa 2023 toleo jipya la kanuni za kimataifa za COBOL lilichapishwa.

Nimeisimulia historia hii kwa ajili ya wakuu wa benki, mifuko ya hifadhi ya jamii, mamlaka za kodi na kampuni za simu za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mifumo mnayoandikiwa leo kwa Java, PHP na C# ndiyo itakayokuwa mizee mwaka 2055, na tayari baadhi ya waliouandika mstari wa kwanza wamehamia kwingine. Waajirini vijana wawili watatu sasa, muwakalishe karibu na wazee wa mifumo hiyo, muwape muda wa kuandika kila sababu ya kila uamuzi, na muwalipe kwa kazi hiyo kama mnavyomlipa anayejenga kipya. Na wewe kijana unayetafuta lugha ya kujifunza, ukifika kwenye usaili waulize mfumo wao una umri gani, nani anaujua kikamilifu, na atastaafu lini.